Kabla ya Mvua za Umuhindo: Wito kwa Wenye Viwanja Bugarama

Ndugu zangu wa Bugarama, nanyi majirani wa Muganza, Gikundamvura na Nyakabuye, nina ombi, nalo ni la jembe. Mvua za umuhindo zitakapoanza Septemba, kila nyumba yenye kiwanja cha kutosha kivuli cha mti mmoja ipande mwembe uliobebeshwa, na nafasi ikiruhusu, iwe miwili ya aina mbili. Naomba pia tuiache ile hamu ya kupanda mtufaha, mti wa lile tunda ambalo wengi wetu tunaliita pome. Hili la pili litawaudhi baadhi yenu, basi nianze na hilo tulimalize.

Hamu yenyewe naielewa. Dukani tufaha limekaa kwenye sanduku lake, jekundu, limeng'aa, limesafiri kutoka Afrika Kusini, na kwetu ndilo tunda la kumpelekea mgonjwa au la kumfurahisha mtoto siku ya sikukuu. Halafu kwenye simu zinapita picha za mche ulio ndani ya ndoo, umejaa matunda, na chini yake namba ya muuzaji. Mzazi akiona hivyo lazima ajiulize kwa nini yeye asiwe nao uani. Muuzaji naye hatamuuliza anaishi wapi.

Mtufaha ni mti wa nchi za baridi. Wazazi wake wangali wanamea porini kwenye milima ya Tian Shan, huko Kazakhstan, ambako theluji hukaa kwa miezi. Majira ya baridi mti huo hulala, na macho yake, yaani pale panapochipua maua na majani, hayafunguki sawasawa mpaka yapate saa za kutosha za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 hivi. Aina nyingi za Ulaya na Marekani hutaka saa 800 hadi 1,000 kila mwaka. Usipoipata baridi hiyo, mti haufi, na hapo ndipo mtu anapopoteza miaka: anaumwagilia kwa matumaini huku unarefuka, unatoa majani kwenye ncha tu, matawi yako wazi katikati, na maua mawili matatu yanatokea kila moja kwa wakati wake, bila mwenzake wa kulichavusha.

Wapo waliotafuta njia. Israeli walizalisha aina ya Anna, inayotosheka na saa 200 hadi 300, na katika visiwa vya Bahama ikapatikana Dorsett Golden, nayo haidai baridi nyingi. Anna akiwa peke yake huzaa kidogo, na Dorsett Golden ndiye anayempa chavua. Watu wa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, wanavuna matufaha, lakini wako kwenye vilima vinavyokaribia mita 2,000, mahali ambapo mtu huamka na koti. Tanzania yako Njombe na Makete, nako ni kwenye baridi hiyohiyo.

Sisi je? Bonde la Rusizi ndiyo sehemu ya chini kuliko zote nchini Rwanda. Kule mtoni ni kama mita 950 tu kutoka usawa wa bahari. Anayetoka Kamembe kuja huku koti analivua njiani. Usiku wetu haujui nyuzi 7 ni nini.

Najua yupo atakayeniletea habari za Batu, kule Java, Indonesia. Ni kweli: Wajava wanavuna matufaha katika nchi isiyo na majira ya baridi. Wakishavuna hungoja wiki chache, kisha hunyonyoa majani yote ya mti kwa mkono ili macho yachipue kabla hayajaingia usingizini, na hivyo hupata mavuno mara mbili kwa mwaka. Lakini Batu iko mlimani, hewa yake ni baridi kuliko yetu, na kazi ile ni ya shamba lenye vibarua na dawa za kupulizia. Mama mwenye mpunga, watoto na meza sokoni hana nafasi ya kunyonyoa mti majani. Kama una ndugu huko juu, karibu na msitu wa Nyungwe kwenye mashamba ya chai, mpelekee yeye Anna na Dorsett Golden, wote wawili, ajaribu. Bugarama ina mti wake.

Joto linaloukatalia mtufaha ndilo linaloufurahisha mwembe. Na kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti, ambacho tunakilalamikia kwa vumbi, kwake ni ishara: ukikaa mkavu miezi miwili mitatu, unaacha kutoa majani mapya na kuanza kutoa maua. Watu wanaokaa kwenye mvua za mwaka mzima hawana bahati hiyo. Sisi tunayo, na tumeitumiaje? Tembea mtaani kwako uhesabu miembe. Mingi imeota yenyewe, kutoka kwenye kokwa lililotupwa baada ya kuliwa. Mirefu kuliko nyumba, nyuzi zinanasa menoni, matunda yako juu ambako yanafikiwa na popo na mawe ya watoto, na yakianguka usiku juu ya mabati mtaa mzima unaamka. Hakuna aliyeichagua. Ndiyo maana nasema kupanda peke yake hakutoshi, na sehemu kubwa ya ombi langu ni hili la kuchagua.

Kokwa la embe mara nyingi halirudishi embe ulilokula. Aina nyingi zinazouzwa mijini ni za mbegu yenye kiini kimoja, na mti utakaoota ni mtoto aliyechukua kwa mama na kwa baba asiyejulikana. Utangoja miaka sita, saba, au zaidi, ndipo uonje na ujue kama ni mtamu. Mche uliobebeshwa ni habari nyingine: kijiti cha mti unaojulikana kimeungwa juu ya shina la mche wa kawaida, kwa hiyo tunda ni lilelile la mti mzazi, na mwaka wa tatu au wa nne unaanza kuvuna. Kwa familia yenye mtoto anayetambaa leo, tofauti hiyo ni kubwa: atakula embe la kwanza kabla hajaanza shule, au akiwa tayari anabeba mkoba miaka mitatu.

Nimemtaja mtoto kwa makusudi. Uchunguzi wa afya ya jamii wa mwaka 2019-20 ulikuta asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Mkoa wa Magharibi, ambao ni wetu, ulikuwa na hali mbaya kuliko wastani huo. Embe haliponyi udumavu, na atakayewaambia hivyo msimwamini. Lakini embe lililoiva ni chanzo kizuri cha vitamini A, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Sahani yetu ina wali, ugali wa muhogo, maharage na isombe. Tunda mara nyingi linakosekana, kwa sababu linanunuliwa na hela ina kazi nyingine.

Sasa aina. Wenye hamu ya tufaha nawapa kifuta jasho: pwani ya Kenya kuna embe linaloitwa Apple, la mviringo, lenye shavu jekundu likiiva, halina nyuzi, na ndilo Wakenya wanalolipanda kwa wingi kwa soko. Linapenda joto letu. Udhaifu wake ni magonjwa ya ukungu, hivyo lisipandwe kwenye kona iliyozibwa na kuta, lipate upepo. Ngowe, lile refu la ncha iliyopinda, ni la pwani vilevile na huanza kuzaa mapema. Kent ni tamu sana na nyama yake ni laini. Keitt huchelewa kuiva, na kuchelewa huko ni faida, maana maembe ya wengine yakiisha, yako bado yapo mtini.

Tommy Atkins mtaletewa kwa sifa nyingi, kwa kuwa ndilo embe lililojaa kwenye maduka makubwa ya Ulaya na Marekani. Mnajua historia yake? Bwana Atkins wa Florida alilipeleka mbele ya jopo la wakulima wa maembe katika miaka ya 1950, wakalikataa kwa sababu ya ladha na nyuzi zake. Limeshinda baadaye kwa ngozi ngumu, rangi nzuri na kustahimili safari. Atakayepakia kontena alipande. Uani kwako embe linasafiri kutoka mtini hadi mdomoni, basi chagua utamu. Kama kiwanja kinabeba mti mmoja, ningeanza na Apple au Kent, na wa pili ukipata nafasi uwe Keitt.

Na kama hakuna kitalu kilicho na aina hizo, tusikae. Karibu kila mudugudu una mwembe mmoja wa zamani ambao watoto wanaujua kwa jina la mwenyewe, na wote wanaujua kwa sababu matunda yake ni matamu kuliko ya mingine. Huo nao ni mti mzazi. Vijiti vyake vikikatwa na fundi anayejua kubebesha, miche ishirini itazaa embe hilohilo. Wenye miti hiyo, wazee wangu, nawaomba msione kazi kuikata vijiti kwa ajili ya jirani.

Ukienda kuchukua mche, usichukue ule mrefu kwa kuwa ni mrefu. Shika shina lake, tafuta kiungo, kwa kawaida kiko kiasi cha kiganja au zaidi kidogo juu ya udongo wa kiriba. Pale pawe pameshikana pande zote, pasiwe na ufa unaoingiza ukucha, wala pasichezecheze ukipabonyeza kwa kidole gumba. Juu ya kiungo kuwe na angalau majani ya awamu mbili, yaliyokomaa na kuwa kijani kizito. Jani changa la embe huwa na rangi ya shaba na linalegea. Mche wenye majani ya shaba peke yake usubiri, bado haujawa tayari kuhama. Pindua jani uangalie chini. Ukiona unga mweupe unaonata, rudisha mche ulipokuwa na uondoke. Mwisho, muulize muuzaji kijiti kilitoka mti gani, na kama matunda yake ameyaonja. Akijibu haraka haraka, nenda kwa mwingine.

Udongo wa bondeni tunaujua: mweusi, mzito, wakati wa mvua unashika maji, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mwembe mchanga hauwezi kusimama ndani ya maji. Usiupande karibu na mfereji wa mpunga. Inua tuta la pande zote lenye upana wa mita moja na nusu, na mti ukae juu yake. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uutenge na wa chini, kisha uchanganye ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Kiungo kibaki juu ya udongo, hilo usilisahau. Kutoka ukuta wa nyumba weka mita tano au sita, na usipande chini ya nyaya za umeme. Ukiwa karibu na mpaka, zungumza na jirani kabla ya kuchimba. Matawi yatavuka, na ni vizuri muwe mmekubaliana mapema kwamba yaliyovuka ni yake.

Matandazo tunayo bure kuliko wilaya nyingi: nyasi za mpunga baada ya kuvuna. Zitandaze zikiwa nene, lakini ziachie shina nafasi ya kiganja ili lisioze wala mchwa wasipande. Miaka miwili ya kwanza, kuanzia Juni hadi mvua zirudi, mti unataka lita kumi hadi ishirini kila wiki. Jerikani kuukuu lenye tundu dogo, likiachwa lidondoke polepole usiku, linafanya kazi vizuri kuliko ndoo inayomwagwa na kukimbilia njiani.

Kisu kinatisha watu, lakini kitumike. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo likatwe siku unapoliona. Hilo ni la mche wa kawaida, lina nguvu kuliko mwenzake, na ukiliacha baada ya miaka minne utakuwa na embe la nyuzi uliloligharimia. Mti ukifika urefu wa kiuno, kata kilele ili utoe matawi matatu au manne ya pembeni, na kila baada ya mavuno uupunguze usivuke mita nne. Maua yakitokea mwaka wa kwanza au wa pili, yaondoe. Najua inauma.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna nyumba inayoliweza peke yake. Mwaka 2003, Kenya, alionekana kwa mara ya kwanza barani Afrika nzi wa matunda kutoka Asia, ambaye wataalamu wanamwita Bactrocera dorsalis. Ndani ya miaka michache alikuwa ameenea nchi baada ya nchi. Jike hutoboa ngozi ya embe linaloanza kuiva na kutaga humo. Kwa nje unaona kidoa kama cha ncha ya sindano, wakati mwingine na tone la utomvu. Ndani funza wanakula, embe linaanguka, funza wanatoka na kuingia kwenye udongo wa juu, na baada ya kama siku kumi wanatoka nzi wapya. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja maishani mwake. Sasa fikiria maembe yaliyoanguka chini ya mti wa nyumba moja na kuachwa wiki nzima. Mwenye nyumba hiyo anawafugia wengine nzi, hata kama jirani yake anafagia kila asubuhi.

Kwa hiyo naomba kila isibo ichimbe shimo moja la pamoja, lenye kina cha mita moja hivi. Msimu wa maembe, watoto na wakubwa waokote yaliyoanguka kila siku, yatupwe humo, na kila mara yafukiwe. Mwisho kabisa juu yake pabaki udongo wa nusu mita, kwa sababu nzi akizaliwa chini ya hapo hawezi kutoka. Nchi nyingine hushauri kuyafunga kwenye mifuko ya plastiki juani. Sisi mifuko hiyo tuliipiga marufuku tangu 2008, na shimo linatosha. Embe likifikia ukubwa wa ngumi unaweza pia kulivisha karatasi. Kiwanda cha CIMERWA kiko hapo Muganza tangu 1984 na mifuko ya saruji iko kila kona: tumia tabaka lisilogusana na saruji, likung'ute, lifunge kwa uzi chini ya kikonyo. Ni kazi ya jioni moja kwa mti mfupi, na hii ni sababu nyingine ya kuupunguza usipae.

Dawa za kupulizia naomba tuziogope, hasa wakati wa maua. Maua ya mwembe huchavushwa zaidi na nzi wa kawaida na wadudu wengine wadogo kuliko nyuki, na shada moja lenye maua mamia huishia na maembe mawili matatu hata kila kitu kikienda sawa. Ukiua wachavushaji hupati hata hayo. Na wale wadudu weupe wa unga wanaofanya majani yawe meusi kwa masizi wana adui zao. Afrika Magharibi miembe ililemewa nao katika miaka ya 1980, na mwaka 1987 Togo ikaachia nyigu mdogo kutoka India, mdogo kuliko punje ya ulezi, anayetaga ndani ya mdudu huyo. Nyigu akafanya kazi ambayo dawa zilishindwa, akaendelea bila kulipwa. Ukiwaona wadudu hao, kata tawi lililoshikwa, lichome, kisha umwite agronomu wa sekta kabla hujanunua chupa yoyote.

Wataniuliza kuhusu wizi. Wizi wa maembe unakuwepo mtaani wakati mwembe mzuri ni mmoja. Na mpangaji asiye na kiwanja? Msikiti una uwanja, kanisa lina uwanja, shule na kituo cha afya vilevile. Waislamu wenzangu wanakumbuka mafundisho ya Mtume kwamba mtu, ndege au mnyama akila kwenye mti, ni sadaka kwa aliyeupanda. Maimamu na wachungaji, nawaomba mlitangaze jambo hili mapema, kwenye hotuba ya Ijumaa na ibada ya Jumapili za Juni na Julai, kwa sababu kitalu hakibebeshi miche kwa wiki moja. Atakayeamka Oktoba kuulizia atapewa iliyobaki. Vyama vya ushirika vya mpunga, mna nyasi, mna pumba, na mnajua kukusanya majina na michango kuliko sisi wote. Mkiagiza miche kwa pamoja, mtaweza kudai aina mnazozitaka na kurudisha iliyo mibovu.

Wakuu wa midugudu, jambo hili liingizwe kwenye umugoroba w'imiryango wa mwezi ujao: nani anataka mche, mingapi, aina gani, na mwembe wa nani utakatwa vijiti. Majina yafike kwa agronomu kabla ya mwisho wa Julai. Mashimo yachimbwe Agosti, udongo ukiwa mkavu, nyufa zenyewe zitatusaidia. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya Septemba tuutumie kupanda kwenye viwanja vya wazee na wagonjwa ambao hawawezi kushika jembe, na shimo la isibo lichimbwe siku hiyohiyo. Anayekuja aje na jembe, debe moja la samadi, na nyasi za mpunga kiasi cha mzigo wa kichwani.